Brigedia Hotine na Ubora wa Picha za Angani

Kila aliyepata kusoma Jiografia katika shule ya sekondari nchini Kenya amewahi kuinamia ramani ya kipimo cha 1:50,000, akahesabu miraba, akafuata mto kwa kidole na kukadiria mwinuko wa kilima kwa mistari ya kontua. Ni wachache mno ambao wamejiuliza ramani ile ilitoka wapi. Wengi hudhani kwamba mpima ardhi alizunguka nchi nzima kwa miguu, kilima hadi kilima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ramani hizo ilizaliwa angani, katika filamu iliyopigwa kutoka kwenye ndege, na kabla ya filamu hiyo kuwa ramani ilibidi mtu aikague na kuamua kama inafaa au haifai. Miongoni mwa walioujenga utaratibu huo hakuna jina kubwa kuliko la Brigedia Martin Hotine, aliyefariki mwaka 1968. Maisha yake yanastahili kusimuliwa darasani, kwa sababu yanafundisha jambo tunalolisahau kila siku: picha si ushahidi mpaka ubora wake upimwe, na ubora haupimwi bila kwanza kujua picha hiyo itaulizwa swali gani.

Hotine alizaliwa London mwaka 1898. Alipitia chuo cha kijeshi cha Woolwich, akaingia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza mwaka 1917, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kizazi chake ndicho kilichoshuhudia kamera ikipandishwa kwenye ndege na kugeuzwa kuwa chombo cha vita. Sisi wa Afrika Mashariki tulionja mapema matunda ya uvumbuzi huo. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa imejificha katika vijito vya mlango wa mto Rufiji, ndani ya mikoko. Ndege za Waingereza ziliruka juu yake na kuipiga picha, na mnamo Julai mwaka huo huo mizinga iliyoongozwa na ndege ikaimaliza. Joto na unyevu wa pwani vilizisumbua sana ndege zile za mbao na turubai, lakini picha zilitosha. Zilitosha kwa sababu swali lililoulizwa lilikuwa jepesi: meli ipo au haipo, na iko upande gani wa kijito? Picha iliyopinda kidogo, au yenye ukungu pembeni, huweza kujibu swali la namna hiyo bila taabu.

Baada ya vita, wapimaji ardhi walitaka kuiuliza picha swali zito zaidi, yaani kutoka hapa hadi pale ni umbali gani. Hapo ndipo mambo yalipowawia magumu. Ndege ikiinamisha bawa kidogo tu wakati kamera inafyatuka, upande mmoja wa picha huwa na kipimo chake na upande wa pili kipimo kingine. Macho ya kawaida hayaoni kosa hilo, na picha huendelea kuonekana safi na ya kupendeza, huku ikisema uwongo. Kati ya 1925 na 1928 Hotine alikuwa ofisa wa utafiti katika kamati ya Uingereza iliyoshughulikia upimaji wa ardhi kutoka angani. Huko barani Ulaya wataalamu walikuwa wakiunda mashine kubwa za bei ghali za kusahihisha makosa ya picha. Hotine alifuata njia nyingine. Alistawisha utaratibu uliokuja kujulikana kwa jina la Arundel, mji wa kusini mwa Uingereza, ambao kwao mchoraji aliweza kutengeneza ramani kwa vifaa rahisi, akitegemea kanuni kwamba katika picha iliyopigwa wima, pembe zinazopimwa kutoka katikati ya picha huwa ni za kweli au hukaribia kuwa za kweli. Kitabu chake kuhusu upimaji kwa picha za angani kilitoka mwaka 1931.

Msomaji atazame vizuri maana ya uamuzi huo. Njia rahisi haikuwa njia ya kulegeza masharti. Kinyume chake, asiye na mashine ya kurekebisha kosa hana budi kulizuia kosa lisiingie tangu mwanzo. Picha lazima ipigwe wima, ndege ishike njia yake bila kuyumba, na kila picha ilaliane na jirani yake kwa kiasi kilichowekwa. Kwa maneno mengine, kadiri vifaa vya ofisini vinavyopungua, ndivyo ukaguzi wa filamu unavyopaswa kuwa mkali. Hilo ni funzo kwa nchi maskini zaidi kuliko kwa nchi tajiri.

Mwaka huo wa 1931 Hotine alitumwa Tanganyika. Kazi yake ilikuwa kuziba pengo katika msururu wa vipimo uliokusudiwa kufuata longitudo ya 30 kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Kwa takriban miaka miwili yeye na wenzake walifanya kazi magharibi mwa Tanganyika, wakipanda milima, wakisimamisha alama vileleni na kupima pembe kutoka kilele hadi kilele. Msururu huo ulikuja kukamilika mwaka 1954, na kutokana nao ukapatikana msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao umetajwa katika ramani za Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi hii ya ardhini ilikuwa sehemu ya lazima ya kazi ya angani. Filamu, hata ikiwa safi namna gani, haijui iko wapi duniani. Huhitaji vituo ambavyo mahali pake pamethibitishwa ardhini, ndipo ikubali kutundikwa mahali pake.

Aliporudi kwao alisimamia upimaji mpya wa Uingereza ulioanza mwaka 1935, na nguzo za zege alizozibuni kwa kazi hiyo zingali zimesimama juu ya vilima vingi vya nchi ile. Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka Ufaransa, Afrika Mashariki na Ugiriki, na kuanzia 1941 akawa mkuu wa upimaji wa jeshi lote la Uingereza. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, alipewa idara mpya ya kupima makoloni, iliyobadilishwa jina mwaka 1957 na kuitwa Idara ya Upimaji wa Nchi za Ng'ambo. Aliiongoza mpaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru.

Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza ndicho kilichotumwa kuipigia idara hiyo picha barani Afrika kati ya 1946 na 1952. Marubani waliokuwa wamezoea kusaka shabaha za vita sasa walitakiwa kuruka mistari iliyonyooka kama ya mkulima anayelima kwa trekta, kwenda na kurudi, juu ya nchi isiyokuwa na ramani ya kuwaongoza. Filamu ilipooshwa, wakaguzi walikuwa na maswali yao. Je, kila picha imelaliana na inayoifuata kwa asilimia 60 hivi, ili macho mawili yakitazama kwa stereoskopu yaone vilima vikiinuka? Je, mstari mmoja wa picha umelaliana na mstari wa jirani, au kuna ukanda wa nchi ulioachwa katikati? Je, mawingu na vivuli vyake vimefunika nini? Je, moshi wa mbuga zinazochomwa wakati wa kiangazi umefifisha mipaka ya vitu? Je, filamu yenyewe imenywea au kutanuka kwa sababu ya joto na unyevu? Swali la mwisho si dogo. Filamu ikinywea kwa sehemu moja tu katika elfu moja, umbali wa kilomita kumi hukosewa kwa mita kumi.

Hebu tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mji wa Eldoret uko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mwendo mfupi tu kuelekea mashariki, ardhi hukatika ghafla kwenye ukingo wa Keiyo na kuteremka hadi bonde la Kerio, ambalo sakafu yake iko kiasi cha mita 1,100. Tuseme ndege yenye kamera ya lenzi ya sentimita 15 inaruka mita 6,600 juu ya usawa wa bahari. Juu ya Eldoret ndege hiyo iko mita 4,500 kutoka ardhini, na kipimo cha picha ni 1:30,000. Juu ya bonde, ndege ile ile iko mita 5,500 kutoka ardhini, na kipimo kimekuwa karibu 1:36,700. Kilomita moja ya barabara ya Eldoret itachukua sentimita 3.3 za filamu, na kilomita moja ya bonde itachukua sentimita 2.7. Rubani hakukosea, kamera haikukosea, na filamu ni safi. Hata hivyo atakayeichukua picha hiyo na kuikuza tu, kisha akapima mashamba juu yake kama apimaye kitambaa, atamnyima mtu wa bonde karibu theluthi moja ya eneo lake akilinganishwa na mtu wa juu.

Hilo si jambo la kubuni tu. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, usajili wa mashamba ulienea katika sehemu nyingi za nchi zilizokuwa zimetengewa Waafrika. Haraka ilikuwa kubwa na wapimaji walikuwa wachache. Michoro mingi ya mwanzo ya mipaka ilinakiliwa kutoka katika picha za angani zilizokuzwa bila kusahihishwa. Wenye mashamba walitakiwa kupanda ua kwenye mipaka, ili ukishakua upigwe picha upya na mchoro bora ufanywe. Mahali pengi marudio hayo hayakufika, na mchoro wa muda ukageuka kuwa wa kudumu. Sheria yenyewe, hata ile ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, inakiri kwamba ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka ilipothibitishwa rasmi. Ndugu wanaopelekana kwa msajili wa ardhi kwa ajili ya hatua kumi za shamba, mara nyingine wanagombania kosa la filamu ambayo haikupimwa kwa swali lililofaa. Picha iliyotosha kuonyesha kwamba hapa pana shamba ilitakiwa pia iseme shamba linaishia wapi.

Mimi ni mwanaisimu, na nitaongeza kasoro moja ambayo lenzi haiwezi kuitibu. Filamu haisemi majina. Inaonyesha ukingo mrefu wa mawe na msitu, lakini haiambii karani wa London kwamba wanaouishi hujiita Wakeiyo. Jina liliandikwa Elgeyo kwa sikio la mgeni, likachapwa katika ramani, na hadi leo lingali katika jina la kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Ubora wa ramani, basi, una sehemu inayopimwa kwa milimita na sehemu inayopimwa kwa sikio. Utaratibu uliokagua filamu kwa ukali ulipungukiwa hapa, kwa kuwa waliokagua walikaa mbali na waliokuwa na majibu walikuwa hawaulizwi.

Hotine alipostaafu mwaka 1963 alikwenda Marekani kufanya utafiti wa hisabati ya umbo la dunia. Wakati huo filamu ya upelelezi ilikuwa imepanda juu zaidi ya ndege. Tangu Agosti 1960 setilaiti za Kimarekani za mpango wa siri uitwao Corona zilikuwa zikipiga picha dunia kutoka anga za juu, na kuiteremsha filamu katika kopo lenye parachuti lililodakwa na ndege juu ya Bahari ya Pasifiki. Maswali ya ukaguzi yalibaki yale yale: mawingu, ukungu, kunywea kwa filamu, na alama za cheche za umeme zilizoiunguza ndani ya kamera. Picha za kwanza hazikuonyesha vizuri kitu kidogo kuliko mita 12 hivi. Kufikia mwisho wa mpango mwaka 1972 kiwango kilikuwa kimefika mita 2. Baadaye Wamarekani waliweka ngazi ya kupima picha kwa kuuliza msomaji wake aliyefunzwa anaweza kutambua nini ndani yake, badala ya kuhesabu mistari kwa milimita peke yake. Zaidi ya picha 860,000 za Corona na mipango iliyofanana nayo zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995, na leo watafiti huzitumia kuona misitu na mashamba yalivyokuwa miaka ya sitini. Hotine hakuishi kuyaona hayo. Kitabu chake kikubwa cha hisabati ya upimaji kilitoka mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Haifai kumfanya Hotine malaika. Alitumikia dola iliyopima nchi zetu kwa manufaa yake kwanza, na picha zile zile zilizochora barabara na mito ziliweza kumfaa mkusanya kodi na askari. Lakini urithi hautupwi kwa sababu ya aliyeuacha. Kituo cha kikanda cha ramani na picha za setilaiti kimekuwapo Nairobi tangu 1975, na vijana wetu wanasomea elimu hiyo vyuoni. Leo kijana mwenye simu anaweza kuitazama boma ya nyanya yake kutoka angani, na mwenye ndege ndogo isiyo na rubani anaweza kuipiga picha shamba zima kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana nawasihi walimu wasiishie kuwafunza wanafunzi kusoma picha ya angani. Wawafunze kuihoji. Ilipigwa lini, kutoka kimo gani, katika hali gani ya hewa, na kwa swali la nani? Kipimo chake kinabaki kile kile bondeni na mlimani? Nani alikwenda ardhini kuthibitisha? Mwanafunzi atakayezoea maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi na picha nzuri, iwe imewekwa mbele yake na mpima ardhi, na serikali, au na jirani anayetaka kusogeza ua.