Wilhelm Maybach

Wilhelm Maybach (Heilbronn, 9 Februari 1846 – Stuttgart, 29 Desemba 1929) alikuwa mhandisi na mbunifu wa injini na magari kutoka Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa kabureta ya kunyunyiza mafuta, gari la kwanza lililoitwa Mercedes, na rejeta ya sega la nyuki, ambayo iliwezesha kupoza injini kubwa kwa maji kidogo.

Maisha ya awali

Maybach alikuwa mtoto wa fundi seremala. Alifiwa na wazazi wake akiwa bado mdogo, akalelewa Reutlingen katika nyumba ya yatima iliyoanzishwa na mchungaji Gustav Werner. Nyumba hiyo ilikuwa na karakana yake, na humo kijana huyo alijifunza uchoraji wa mitambo. Mwaka 1863 Gottlieb Daimler, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 12, alifika kusimamia karakana hiyo. Alitambua kipaji chake, na tangu hapo wawili hao walifanya kazi pamoja kwa muda mwingi hadi Daimler alipofariki mwaka 1900.

Kazi pamoja na Daimler

Mwaka 1872 walihamia kiwanda cha Deutz karibu na Köln, ambako Nikolaus Otto alikamilisha injini ya mipigo minne mwaka 1876. Maybach aliiboresha ili iweze kuundwa kwa wingi. Mwaka 1882 walihamia Cannstatt, wakaweka karakana katika banda la bustani la Daimler. Huko walitengeneza injini ndogo, nyepesi na yenye mzunguko wa kasi. Mwaka 1885 waliifunga kwenye baiskeli ya mbao, na mwaka 1886 kwenye gari la farasi. Mwaka 1889 walionyesha Paris gari la magurudumu ya chuma lililobuniwa na Maybach.

Rejeta ya sega la nyuki

Mafuta yanapowaka ndani ya silinda hutoa joto kali. Lisipoondolewa, vyuma hutanuka na injini hukwama. Magari ya awali yalibeba maji mengi, na mengi yakapotea kwa mvuke. Mwaka 1900 Maybach aliunganisha mirija midogo 8,070 ya mraba, kila mmoja wenye upana wa milimita 6, ikafanana na sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya mirija na maji yakazunguka katikati yake, feni ikisaidia mwendo ulipokuwa mdogo. Lita 9 hivi za maji zikatosha kwa injini ya nguvu farasi 35.

Gari hilo liliagizwa na mfanyabiashara Emil Jellinek, likapewa jina la binti yake, Mercedes. Ushindi wake katika mashindano ya Nice, Machi 1901, ulibadili sura ya magari duniani.

Kutoka rejeta hadi hita

Hita ya gari lililopozwa kwa maji inafuata kanuni hiyohiyo. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita katika rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza joto ndani ya gari. Katika magari mengi vali ya hita huwekwa kwenye mpira wa maji unaotoka kwenye injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hufunguliwa kwa waya, kwa mvuto wa hewa au kwa umeme.

Vali ikikwama, joto haliji au haliishi. Ikivuja, ni hatari zaidi: hata dereva asiyewasha hita kamwe hupoteza maji ya injini. Kwa malori yanayopanda milima ya Ngara na kupita Kasulo kuelekea Rusumo, mpakani mwa Rwanda, upungufu huo waweza kuua injini. Fundi huibadilisha injini ikiwa imepoa kabisa. Huchukua kwanza chombo cha kukingia maji, hulegeza vibano vya mipira, hufunga vali mpya kwa kufuata mshale wa mwelekeo wa maji kama upo, kisha hujaza maji na kutoa hewa iliyonaswa.

Miaka ya mwisho

Baada ya kifo cha Daimler nafasi ya Maybach kampuni ilipungua, naye akaondoka mwaka 1907. Mwaka 1909 alishiriki na mwanawe Karl kuanzisha kiwanda cha injini za ndege kubwa za Zeppelin. Novemba 1917 ndege L59, yenye injini 5 za Maybach, iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwapelekea vifaa askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki. Ilipofika juu ya Sudan iliamriwa kurudi, na ilikaa angani saa 95 bila kutua.

Mwaka 1916 chuo cha ufundi cha Stuttgart kilimtunuku udaktari wa heshima, yeye aliyeanzia karakana ya yatima. Alizikwa Cannstatt, katika makaburi alikolazwa pia Daimler.