Miezi Sita ya Livingstone Kwihara

Kilomita chache kutoka Tabora mjini, pale Kwihara, lipo tembe lililofanywa makumbusho. Hapo alikaa David Livingstone mwaka 1872, tangu Februari 18 hadi Agosti 25. Watoto wa shule hupelekwa kuliona, wakaambiwa habari za mvumbuzi. Mimi nikipita huko huwaza zaidi juu ya miezi ile sita.

Mtu huyu hakufundishwa kupumzika. Alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo akaenda shule ya jioni. Akawa daktari na mchungaji, akaja Afrika, akatembea. Mwaka 1871 alirudi Ujiji kutoka Nyangwe, ambako aliona kwa macho yake watu wa sokoni wakiuawa kwa bunduki. Alikuwa amedhoofika, anaharisha na kutoka damu, meno mengi yamekwisha. Bidhaa zake alizotarajia kuzikuta Ujiji zilikuwa zimeuzwa.

Ndipo Stanley alipomkuta, akiwa na chakula, dawa na barua za nyumbani. Kwa kula vizuri na kuzungumza na mtu, mzee alipata nguvu haraka. Wakafika pamoja Kwihara, na Stanley akamsihi arudi kwao kwanza: atibiwe, awekewe meno, awaone watoto wake waliokua bila baba, kisha arudi Afrika akiwa mzima. Akakataa. Binti yake Agnes alikuwa amemwandikia kwamba ni afadhali amalize kazi yake kama apendavyo kuliko kurudi kwa ajili ya kumfurahisha yeye tu. Baba alifurahia sana barua hiyo. Mimi huisoma kwa huzuni kidogo.

Stanley akaondoka Machi 14 ili ampelekee wapagazi kutoka pwani. Siku tano baadaye, Machi 19, ambayo kwetu ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Livingstone alitimiza miaka 59, na katika shajara yake akajitoa upya wote kwa Yesu. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini kwa moyo huo namwonea wivu.

Basi akangoja. Vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimevuruga njia. Alitengeneza jibini ya safari, akasoma, akatazama ndege wakilisha makinda yao. Ukimtazama kwa mbali ungesema anapumzika. Lakini kumngoja mpagazi si kupumzika. Mwili ulikuwa Kwihara, akili iko Lualaba, mto aliodhani ndio chanzo cha Nile.

Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena. Nao mitume waliporudi kutoka utume wao, wamejaa habari za waliyotenda, Bwana aliwaita kando wapumzike, kama asomavyo Marko katika sura ya 6. Hata watu wa misafara walilijua jambo hili: Tabora ilikuwa mahali pa kutua mizigo kwa majuma mengi na kubadilisha wapagazi kabla ya kuendelea Ujiji. Na sheria ya Kanisa inampa paroko likizo ya hadi mwezi mmoja kila mwaka, ingawa wako mapadre wanaojisifu kwamba hawajaigusa kwa miaka. Wako pia akina mama ambao Dominika ndiyo siku yao ya kazi nyingi kuliko zote, na hakuna nyumbani anayeliona hilo.

Wapagazi walifika Agosti, naye akaondoka nao. Masika ikamkuta katika vinamasi vya Bangweulu, damu ikizidi kumtoka, mwishowe akawa wa kubebwa kwa machela. Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, watu wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Mwaka 1877 Stanley alifika baharini kwa kuufuata mto uleule: ulikuwa Kongo. Swali lile lingeweza kungoja mwaka mmoja. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi humheshimu kwa sababu hakungoja.

Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake pale, wakaukausha mwili na kuubeba. Oktoba walifika Kwihara. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Walikaa siku kadhaa, wakapata nguvu, wakaendelea na njia ya pwani. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wakautua mzigo wao kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, na mwili ukalala usiku ule katika kanisa la misioni.