Zenobia, Malkia wa Palmira

Katika historia ya falsafa tunakutana na Longinus, mwalimu wa Porfiri, na kwa kawaida tunampita upesi. Kifo chake ndicho kilichotuvuta kumtafuta malkia aliyemtumikia.

Zenobia alitoka Palmira, mji wa jangwani huko Siria uliotajirika kwa misafara ya ngamia. Mwaka 260 Kaisari Valerian alitekwa na Waajemi, na aliyewarudisha nyuma maadui hao ni Odaenathus, mume wa Zenobia. Alipouawa mnamo 267, mtoto wao Vaballathus alikuwa bado mdogo, basi mama akashika utawala kwa niaba yake.

Mwaka 270 majeshi yake yaliingia Misri, ghala la ngano la Roma. Mwanzoni sarafu zilibeba sura ya mtoto upande mmoja na ya Kaisari Aurelian upande wa pili. Mwaka 272 sura ya Aurelian ikatoweka, mama na mwana wakajitwalia cheo cha Kaisari. Roma isingeweza kulinyamazia hilo.

Aurelian akaja mwenyewe, akawashinda karibu na Antiokia, kisha Emesa, akauzingira Palmira. Zenobia alitoroka juu ya ngamia kuomba msaada Uajemi, akakamatwa kwenye mto Frati. Mbele ya Kaisari, yasemekana, aliwatupia lawama washauri wake. Longinus akauawa, na inasimuliwa kwamba alikipokea kifo kwa utulivu akiwafariji waliomlilia. Hapo tunashindwa kumtetea malkia, ingawa waliosimulia habari hizo walikuwa upande wa Roma.

Kanisa nalo liliguswa. Paulo wa Samosata, Askofu wa Antiokia, aliondolewa na sinodi mnamo 268 kwa mafundisho potofu juu ya Kristo, lakini akang'ang'ania nyumba ya Kanisa. Mtakatifu Atanasi anaandika kwamba Zenobia alikuwa mlinzi wake. Waamini wakapeleka shauri kwa Aurelian, na mpagani huyo (tulisoma mara mbili kuhakikisha!) akaamua nyumba wapewe wale wanaoandikiana barua na maaskofu wa Italia na wa Roma.

Palmira uliasi tena mwaka 273, ukaharibiwa. Mwaka 274 Aurelian alisherehekea ushindi wake mjini Roma. Baadhi ya wanahistoria wa kale wanasema Zenobia alitembezwa humo akiwa na minyororo ya dhahabu, kisha akapewa makazi karibu na Tivoli. Mwingine anasema alifia njiani.