KAZIMIERZ NOWAK, MTU ALIYEVUKA AFRIKA KWA BAISKELI

Ndugu msomaji, baiskeli unaijua. Hubeba mkaa, ndizi, hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Tena unajua taabu ya kuiendesha kwenye barabara ya changarawe. Gurudumu huteleza, mpira hutoboka, na vumbi huingia machoni. Sasa soma habari za mtu aliyepita njia za namna hiyo kwa miaka mingi.

Jina lake lilikuwa Kazimierz Nowak. Alikuwa Mpolandi, aliyezaliwa mwaka 1897. Aliishi katika mji wa Poznań pamoja na mke wake Maria na watoto wao wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uchumi wa dunia uliharibika, na kazi zikawa haba. Nowak alijua kuandika habari na kupiga picha. Alikuwa pia na baiskeli kuukuu. Akaamua kutafuta riziki kwa vitu hivyo.

Mwezi wa Novemba 1931 aliondoka kwao. Hapa Afrika alianzia Tripoli, katika Libya. Akapita Misri na Sudan. Kisha akafika katika nchi za maziwa makuu, yaani Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi. Wakati ule nchi hizo zilitawaliwa na wakoloni. Mwaka 1934 alifika ncha ya kusini kabisa ya Afrika.

Je, alipanda meli kurudi kwao? La. Aligeuza, akaelekea kaskazini kwa njia nyingine. Baiskeli ilipochakaa, alipanda farasi, mtumbwi na ngamia, na pengine alikwenda kwa miguu. Novemba 1936 alifika Algiers. Safari yote ilichukua miaka 5 na kilomita 40,000 hivi.

Kilomita 40,000 ni nyingi kiasi gani? Mtu akitoka Upanga, Dar es Salaam, kwenda Mwanza, atasafiri zaidi ya kilomita 1,000. Ili kufikia safari ya Nowak, itampasa aende na kurudi zaidi ya mara 15.

Usidhani kwamba alikuwa akitembea tu. Ile ilikuwa kazi yake. Aliandika habari, akazituma magazetini Ulaya pamoja na picha. Malipo yalikuwa ya kumlisha mke na watoto. Katika maandishi yake alieleza pia jinsi wakoloni walivyowanyonya Waafrika. Maria naye alipelekewa barua nyingi. Kwa miaka 5, kalamu ndiyo iliyoiunganisha nyumba ile.

Lakini mwili wake uliumia. Malaria ilimshika mara kwa mara. Alirudi nyumbani akiwa dhaifu, akatibiwa, wala hakupata nguvu tena. Mwezi wa Oktoba 1937 alikufa kwa nimonia. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja tangu arudi kwa watoto wake.

Habari zake zilisahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 2000 maandishi yake yalikusanywa, yakatolewa kuwa kitabu. Mwaka 2006 kibao cha kumkumbuka kiliwekwa katika stesheni ya reli ya Poznań. Baiskeli yake ilichakaa na mwili wake ulizikwa, lakini aliyoyaandika yanasomwa.

Wako watu watakaosema kuwa Nowak alikuwa baba mwema, kwa kuwa alihangaika kuilisha jamaa yake. Wengine watasema watoto walimhitaji yeye mwenyewe kuliko fedha zake. Hata vijijini kwetu wako wanaokwenda mbali kutafuta kazi. Wewe waonaje?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Nowak alipataje fedha za kuwalisha watoto wake?
2. Kwa nini alikufa mapema?
3. Mtu anayefanya kazi mbali na nyumbani afanye nini ili asisahauliwe na watoto wake?
4. Mwandikie barua fupi ndugu yako aliye mbali.