Thomas Church: Msanifu aliyegeuza ua mdogo kuwa sebule

KATIKA miongo ya kwanza ya karne ya 20, bustani ya nyumbani nchini Marekani ilikuwa pambo la wenye nacho. Maua yalipandwa kwa safu zilizonyooka mithili ya gwaride, ukoka ukakatwa ili utazamwe kutoka dirishani, na kazi yote ikaachiwa vibarua.

Mtu wa kipato cha wastani aliyekuwa na kipande chembamba cha ardhi nyuma ya nyumba yake hakuwa na lake katika fani hiyo. Ua wake ulikuwa wa kuanikia nguo, kuweka pipa la taka na kurundika vikorokoro vilivyokosa nafasi ndani.

Miongoni mwa waliochangia pakubwa kuubadilisha mtazamo huo ni Thomas Dolliver Church, msanifu wa bustani aliyefanya kazi jijini San Francisco, jimbo la California, kwa zaidi ya miaka 40. Msimamo wake ulikuwa mmoja: bustani huundwa kwa ajili ya watu watakaoitumia, na ikishindwa kuwafaa hao, uzuri wake ni wa bure.

Church alizaliwa Aprili 27, 1902 mjini Boston, mashariki mwa Marekani, lakini akalelewa California, kwanza katika bonde la Ojai na baadaye mjini Berkeley. Huko ndiko alikoizoea hali ya hewa iliyokuja kuongoza kazi yake: mvua za msimu wa baridi, kiangazi kirefu kikavu na siku nyingi ambapo mtu anaweza kula, kusoma na kupokea wageni nje bila udhia.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley akinuia kusomea sheria. Somo moja la historia ya bustani likambadilisha nia. Aliiacha sheria, akashika usanifu wa mandhari na kuendeleza masomo hayo katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Katikati ya miaka ya 1920 alipata ufadhili uliomwezesha kuzuru Italia na Uhispania. Badala ya kuvutiwa na fahari ya ngazi za mawe na chemchemi pekee, alichunguza jinsi wenyeji walivyotumia kivuli, kuta na maji machache ili wapate kuishi nje katika jua kali. Aling'amua kwamba hali ya hewa ya huko ilishabihiana na ya kwao California, hoja ambayo aliifanyia tasnifu.

Baada ya kufunza kwa muda katika vyuo vikuu vya Ohio State na Berkeley, alifungua ofisi katika barabara ya Jackson jijini San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeikaba Marekani koo. Wateja wa kuagiza bustani kubwa walikuwa wamepungua, na wenye nyumba wengi hawakumudu tena mshahara wa mtunza bustani.

Dhiki hiyo ndiyo iliyompa nafasi. Viwanja vingi vya San Francisco ni vyembamba na viko kwenye miteremko. Isitoshe, upepo na ukungu wa baharini huvivamia hata katikati ya kiangazi. Kupanda ukoka na maua mahali kama hapo, kisha kumtarajia mwenye nyumba ayatunze peke yake, kulikuwa kumtwika mzigo asiouomba.

Church alianza na maswali. Kabla ya kuchora chochote alitaka kujua watoto wa familia watacheza wapi, wageni watapokewa wapi, nguo zitaanikwa wapi, gari litaegeshwa wapi na ni nani atakayeitunza mimea. Alichunguza pia jua huangaza upande gani, upepo hutokea wapi, na miti gani iliyokuwapo ilistahili kuachwa.

Majibu hayo ndiyo yaliyoupa ua sura yake. Sehemu kubwa ya ardhi aliitandika matofali, changarawe, zege au mbao, ili meza na viti vikae imara na kazi ya kutunza ukoka ipungue. Mimea aliikusanya katika vitalu vilivyoinuliwa kwa ukuta mfupi. Ukuta huo aliupa upana wa kutosha kukaliwa, hivi kwamba wageni walipozidi viti, hakuna aliyekosa pa kuketi.

Penye upepo mkali au macho ya majirani aliweka kiambaza cha mbao. Penye mteremko alijenga jukwaa la mbao lililoungana na sakafu ya nyumba, na ardhi isiyokalika ikawa kama chumba cha ziada. Mlango wa kioo ulipofunguliwa, sebule iliendelea hadi nje.

Alikuwa na mbinu nyingine ya kuushinda ufinyu. Ua mwembamba uliopangwa kwa mstari mmoja ulionyooka humalizika kwa kutupa jicho mara moja. Church aliipindua mistari hiyo, akaipitisha kimshazari au kwa mikato ya kupinda huku na kule, ili jicho lisafiri zaidi na kiwanja kionekane kirefu. Bustani ndogo alizounda kwa Maonyesho ya Golden Gate ya mwaka wa 1939 ziliudhihirishia umma mtindo huo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mnamo 1937, alikuwa amezuru Ulaya na kukutana na msanifu majengo Alvar Aalto nchini Finland. Tangu safari hiyo, mistari iliyopinda kwa ulaini ilizidi kuonekana katika kazi zake.

Kazi iliyomletea sifa kubwa zaidi ilikamilika mwaka wa 1948 katika shamba la familia ya Donnell, wilayani Sonoma, kaskazini mwa San Francisco. Akishirikiana na kijana Lawrence Halprin, ambaye baadaye alivuma kwa kazi zake mwenyewe, Church aliweka kileleni kidimbwi cha kuogelea chenye umbo la kupinda kama figo. Ndani yake mlisimama sanamu ya mchongaji Adaline Kent. Jukwaa la mbao lilitobolewa ili mialoni iliyokuwapo iendelee kukua bila kukatwa.

Picha za kidimbwi hicho zilienea kote, na baada ya muda umbo la figo likaigwa katika nyua nyingi. Hapo ndipo palipo na kinaya cha maisha yake. Kidimbwi cha Sonoma kilipangwa kwa kutazama mikondo ya maji inayojipinda katika vinamasi vya ghuba vilivyoonekana chini ya kilima hicho. Aliyekiiga katika ua uliozungukwa na kuta alichukua umbo na kuiacha sababu.

Kazi nyingine ya mwaka huo wa 1948, katika nyumba ya ufuoni mjini Aptos, yafafanua vyema zaidi fikira zake. Hapo palihitajika mahali pa mapumziko pasipo na usumbufu wa utunzaji. Church aliacha mchanga katikati, akaweka jukwaa la mbao lenye mikato upande mmoja na kitalu kilichopinda upande wa pili. Hapakuwa na ukoka wa kukatwa.

Mnamo 1955 alichapisha kitabu Gardens Are for People, ambamo alieleza nguzo 4 za usanifu wake: umoja wa nyumba na bustani, matumizi, usahili na uwiano wa vipimo. Kitabu cha pili, Your Private World, kilifuata mwaka wa 1969. Vilevile aliandika katika majarida yaliyosomwa na wenye nyumba wa kawaida.

Ingawa alishauri vyuo vikuu na kushiriki miradi mikubwa, hakuutupa mkono ua wa nyumbani. Alijulikana kwa kubeba makasi ya kupogolea, naye alipowatembelea wateja wake hakuona aibu kupogoa matawi mwenyewe.

Church alifariki Agosti 30, 1978 jijini San Francisco akiwa na umri wa miaka 76. Inakadiriwa kwamba aliunda takriban bustani 2,000.

Hata hivyo, bustani haidumu kama jengo la mawe. Miti huzeeka, mbao huoza, na mwenye nyumba mpya hubomoa alichopenda mwenzake. Church aliunda kila ua kwa mahitaji ya familia moja, na familia hiyo ilipohama, sababu ya ua huo kuwa vile ulivyokuwa ilihama nayo.

Lililosalia ni utaratibu wake wa kazi, ambao hauozi wala haubomolewi: kwamba hata mwenye hatua chache za ardhi nyuma ya nyumba ajiulize kwanza nani ataketi hapo, saa ngapi na kwa shughuli gani, ndipo aende kununua mche wa kwanza.