E-Sir: Shoo ya mwisho ilikuwa Nax
Kama ulizaliwa baada ya 2003, E-Sir unamjua kwa ngoma tu. Jina lake lilikuwa Issah Mmari, boy wa South C, Nairobi, aliyezaliwa 20 Mei 1981. Enzi hizo marapa wengi wa Kenya walikuwa wanabana pua ndio wasikike Wamarekani. Yeye akashika Kiswahili, akakichanganya na Sheng ya mtaa, na mistari ikateleza bila kukwama. Ogopa DJs wakampa biti, moto ukawaka: Leo ni Leo, Hamunitishi, Mos Mos akiwa na Brenda, halafu Boomba Train na Nameless. Hiyo ya mwisho DJ akiiweka hadi leo, hata mabuda wanaamka. Mimi sijaona kolabo ya Kenya imeifikia, na mnaweza kunibishia.

Machi 2003 akaja Nakuru kupiga shoo. Ilipoisha wakashika barabara kurudi Nairobi. Gari likapata ajali njiani, na tarehe 16 E-Sir akatuacha. Alikuwa na miaka 21, imebaki miezi miwili tu afikishe 22. Albamu aliyoacha ni moja pekee, na aliiita Nimefika.