J.L.B. Smith: Mwanasayansi aliyewategemea wavuvi wa pwani yetu

Mvuvi wa Vitongoji, upande wa mashariki wa kisiwa cha Pemba, akirudi dikoni na samaki asiyemjua, leo ana njia nyepesi ya kutaka kujulishwa. Ataita wazee kwanza. Wakishindwa, kijana mmoja atapiga picha kwa simu, na kabla ya magharibi picha hiyo itakuwa imefika Unguja au Dar es Salaam kwa mtu anayesomea mambo ya bahari.

Utaratibu huu wa mwananchi wa kawaida kuona, kuandika na kumpelekea mtafiti taarifa siku hizi huitwa sayansi ya wananchi. Hutumika kufuatilia kasa, pweza, matumbawe, mvua na hata taka za plastiki pwani. Lakini haukuanza na simu. Zaidi ya miaka 70 iliyopita, mtu mmoja kutoka Afrika Kusini aliusambaza katika pwani hii kwa karatasi yenye picha ya samaki. Jina lake ni James Leonard Brierley Smith, na wengi walimjua kwa herufi tu: J.L.B. Smith.

Mkemia aliyependa mshipi

Smith alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Alipokuwa kijana, Vita vya Kwanza vya Dunia vilimleta Afrika Mashariki akiwa askari dhidi ya Wajerumani. Hakuondoka na medali za kujivunia, bali na maradhi: malaria, kuhara damu na homa ya viungo. Afya yake haikurudi sawasawa maisha yake yote.

Baada ya vita alisomea kemia, akapata shahada ya uzamivu Cambridge, Uingereza, kisha akawa mhadhiri wa kemia katika chuo cha Rhodes mjini Grahamstown. Samaki yalikuwa mapenzi yake ya pembeni. Alivua kwa mshipi, akaanza kuuliza majina ya alichokivua, na alipoona vitabu havimjibu, akaanza kuyatafuta mwenyewe.

Mkemia asiye na meli ya utafiti angewezaje kujua samaki wa pwani ndefu namna ile? Alitegemea watu. Aliandikiana barua na wavuvi, manahodha wa meli za uvuvi na wahudumu wa makumbusho madogo ya pwani, na kila mmoja akawa jicho lake.

Samaki wa mwaka 1938

Jicho moja lilikuwa la Marjorie Courtenay-Latimer, msichana aliyesimamia makumbusho ya mji wa East London. Tarehe 22 Desemba 1938, nahodha Hendrik Goosen alitia nanga, na kama kawaida yake akamwita aje aangalie kama kuna chochote cha ajabu kwenye shehena. Chini ya rundo la papa, Marjorie aliona pezi la rangi ya buluu. Alimtoa samaki mwenye urefu wa kama mita moja na nusu, magamba magumu, na mapezi yaliyokaa kama miguu mifupi.

Alimchora na kumpelekea Smith mchoro kwa barua. Smith alikuwa mapumzikoni Knysna, na barua ilimfikia Januari 3, 1939. Alichokiona kwenye karatasi hakikupaswa kuwepo: silikanti, samaki wa ukoo ambao wataalamu waliamini umetoweka tangu zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Furaha ilikuja na hasara. Wakati barua ikiwa njiani, samaki alianza kuharibika kwa joto. Ngozi ilihifadhiwa, matumbo yakatupwa. Smith alimpa samaki jina la kisayansi Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie na mto Chalumna ambao karibu na mdomo wake alivuliwa. Lakini namna mwili wake ulivyofanya kazi ndani ilibaki fumbo. Alihitaji wa pili, mzima.

Karatasi yenye zawadi

Utafutaji huo ulimchukua miaka 14. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Smith na mkewe Margaret, aliyekuwa msaidizi na mchoraji wake, walianza safari za kaskazini kwenye pwani ya Msumbiji, kisha Kenya na visiwa vya Unguja na Pemba. Ziara hizo zina alama hadi leo: samaki mdogo wa matumbawe ambaye Smith alimwelezea mwaka 1960 anaitwa kitaalamu Chromis pembae, kwa jina la kisiwa chetu.

Huko kote walisambaza karatasi yenye picha ya silikanti. Iliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Iliahidi zawadi ya pauni 100, fedha ambayo mvuvi wa wakati ule angehitaji miaka kuikusanya, na ilitaka samaki asikatwe wala kusafishwa. Kiswahili hakikuwemo. Kwa wavuvi wengi wa ukanda huu, picha ndiyo iliyobeba ujumbe, na aliyejua kusoma alilazimika kuwafasiria wenzake.

Mwaka 1952, mjini Unguja, akina Smith walikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi lake kati ya Unguja na Komoro. Hunt alichukua karatasi na kwenda nazo.

Anjouan, Desemba 1952

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa karibu na Domoni, kisiwani Anjouan. Kwake hakikuwa kioja. Wavuvi wa Komoro walimjua samaki huyo kwa jina la gombessa. Humpata mara mojamoja, na nyama yake haina soko kubwa. Alimpeleka sokoni. Hapo mwalimu wa skuli, Affane Mohamed, aliyekuwa ameiona ile karatasi, alimtambua na kuzuia asikatwe zaidi. Samaki alibebwa kuvuka milima hadi Mutsamudu, lilikokuwa jahazi la Hunt.

Hunt alimdunga dawa ya kuzuia kuoza na kumpelekea Smith simu ya maandishi. Smith, akiwa Durban, hakuwa na njia ya kufika haraka. Akamwomba Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, ampe ndege ya jeshi, na akapewa. Tarehe 29 Desemba alitua Mayotte. Alipofunuliwa samaki, alipiga magoti na kulia.

Nani alitajwa, nani alisahauliwa

Hapa ndipo hadithi ya Smith inapotuachia swali. Akidhani ni aina nyingine ya silikanti, alimpa samaki huyo jina Malania anjouanae. Waziri Mkuu aliyetoa ndege, huyo huyo ambaye serikali yake ilikuwa ikijenga mfumo wa ubaguzi wa rangi, aliingia kwenye jina la kisayansi. Mvuvi na mwalimu hawakuingia. Baadaye ilibainika kuwa ni aina ile ile ya mwaka 1938, na jina la Malania likaachwa.

Liko pia suala la zana. Katika safari zake Smith alikusanya samaki kwa baruti na sumu. Lengo lake lilikuwa elimu, lakini tunaoishi na matumbawe yaliyovunjwa na uvuvi wa baruti tunajua gharama yake. Na zawadi nono kwa samaki adimu ina hatari yake: inaweza kumfanya atafutwe hadi aishe. Leo silikanti ametajwa kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Hayo hayafuti alichokifanya. Kitabu chake cha samaki wa bahari wa kusini mwa Afrika, cha mwaka 1949, kiliwasaidia hata wavuvi wa kawaida kutambua walichokivua, na mwaka 1956 aliandika kisa chote cha silikanti katika Old Fourlegs. Alifariki Januari 1968. Margaret aliongoza taasisi ya utafiti wa samaki iliyopewa jina la mumewe hadi uzeeni, na taasisi hiyo ingali hai Afrika Kusini.

Silikanti wafika nyumbani

Miongo mitatu na zaidi baada ya kifo chake, pwani aliyoisambazia karatasi ilianza kumjibu. Silikanti alinaswa Malindi, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2003 akapatikana Songo Mnara, Kilwa. Kisha Tanga wakanaswa wengi kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Silikanti Tanga, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Julai 2007 mmoja alivuliwa Nungwi, Unguja. Karibu wote hao walionwa kwanza na wavuvi.

Kwa hivyo, mvuvi wa Vitongoji anayepiga picha ya samaki mgeni yuko kwenye safu moja na Ahamadi Abdallah. Taarifa yake huwa na uzito zaidi akiandika tarehe, mahali na kina cha maji, na akimwacha samaki mzima mpaka atambuliwe. Mtafiti naye ana deni: arudi dikoni na jibu, kwa Kiswahili, na amtaje aliyemletea habari. Smith aliwaonyesha wataalamu kwamba wavuvi wanaijua bahari. Sehemu ya pili, ya kuwapa heshima yao, aliiacha kwa watakaomfuata.